Namna ya kufunga diski ngumu katika kompyuta ya 486 iliyopoteza kishikizo chake

Mwalimu wa Nzuguni

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na salamu kwa wengine wote mnaopenda mashine za zamani.

Ninayo kompyuta ya 486DX2 ya megahezi 66, ya kulazwa mezani, isiyo na jina la kampuni, niliyopewa na ofisi iliyokuwa ikisafisha stoo. Bodi, kadi na pawa saplai vinafanya kazi, na mashine huwaka mpaka pale inapolalamika kwamba haioni diski. Kishikizo cha bati kilichokuwa kikibeba diski ya inchi 3.5 kando ya pawa saplai kiling'olewa pamoja na diski yenyewe, na sasa zimebaki nafasi mbili za inchi 5.25: ya juu ina kisoma flopi, ya chini ni tupu. Diski niliyo nayo ni ya IDE (aina ya kiunganishi cha diski kwa waya bapa), inchi 3.5, gigabaiti 1.2. Najua kwamba BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine) ya umri huu huenda ikaona megabaiti 528 tu, nazo zinanitosha kwa mfumo endeshi wa MS-DOS 6.22, kwa hiyo naomba hilo lisitupotezee muda.

Ninachouliza ni namna ya kuifunga diski hiyo katika nafasi ya chini bila kutoboa kasha, kwa sababu ninataka wanafunzi waione mashine ikiwa karibu na ilivyotoka kiwandani. Fundi mmoja wa mjini amenishauri nitumie gundi ya utepe wa pande mbili, mwingine akasema niifunge kwa vibanio vya plastiki vya nyaya na kuiacha ining'inie. Yote mawili hayajaniingia akilini.

Fundi Madirisha, Majengo

Mwalimu, akili yako imekataa vizuri. Utepe wa pande mbili hulegea kwenye joto, na diski yenyewe ni chanzo cha joto; ukiongeza jua letu la Oktoba na paa la bati la darasa, siku moja diski itaachia huku sahani zake zikizunguka. Vibanio navyo vinaiacha ikitikisika kila kichwa cha kusomea kinapohama.

Twende kwenye vipimo. Kifaa cha inchi 5.25 kina upana wa milimita 146, na diski ya inchi 3.5 ina milimita 101.6. Pengo ni milimita 44.4, yaani zaidi kidogo ya milimita 22 kila upande. Pita kwa fundi yeyote wa aluminiamu (Dodoma hii inayojengwa kila kona, masalio ya fremu za madirisha yanatupwa) umwombe bomba la mraba la milimita 20, vipande viwili vya urefu wa milimita 150 hivi, pamoja na bapa la unene wa milimita 2. Bomba na bapa kila upande vinakupa milimita 22, na kinachobaki ni kidogo kiasi kwamba bati la kasha litakivuta lenyewe ukikaza skrubu. Usikubali kupewa bomba la milimita 25 kwa maneno kwamba tofauti ni ndogo, maana jumla itafika milimita 151.6 na halitaingia hata ulipige nyundo.

Matundu ya skrubu yaliyo ubavuni mwa diski, yale mawili ya mwisho, yametengana kwa milimita 101.6, sawasawa na upana wake, hivyo hukumbukwa kirahisi. Yahamishie kwenye uso wa ndani wa bomba, toboa kwa keekee ya milimita 4, kisha kwenye uso wa nje, mkabala na kila tundu, toboa tundu kubwa la milimita 10 ili bisibisi ipite na kufika kwenye kichwa cha skrubu ndani ya bomba. Hapo diski na mabomba yake mawili vinakuwa kitu kimoja kinachoteleza ndani ya nafasi tupu. Kwa kulifunga bomba kwenye ukuta wa nafasi hiyo, usitegemee kukata nyuzi za skrubu kwenye aluminiamu nyembamba, kwani zitachubuka mara ya pili ukifungua. Weka alama pale ambapo matundu marefu ya kasha yanaangukia, toboa bomba na bapa kwa pamoja, kisha gandisha nati za M3 (za skrubu ya milimita 3) kwa ndani ya bomba kwa gundi ya epoksi na uziache zikauke usiku kucha. Kasha linabaki bila jeraha, na siku ukipata kishikizo cha asili unaondoa kila kitu.

Kukata, kutoboa na kupiga tupa kufanyike mbali na mashine, na vipande vioshwe kwa sabuni kabla ya kufungwa. Chembe moja ya aluminiamu ikiangukia kati ya miguu ya chipu inatosha kuleta shoti.

Mzee wa Area C

Nakubaliana na Fundi kuhusu bomba, nami naongeza mambo anayoyajua mtu aliyefungua diski nyingi kuliko madirisha.

Kwanza ni skrubu. Ubavu wa diski ya inchi 3.5 hutumia skrubu ya vipimo vya Kimarekani, 6-32, ambayo ina unene wa milimita 3.5 na nyuzi pana. Visoma flopi na visoma CD kwa kawaida hutumia M3, ambayo ni nyembamba na nyuzi zake ni za karibu karibu. M3 katika tundu la 6-32 itacheza bila kushika, na 6-32 ikilazimishwa katika tundu la M3 inaliua tundu hilo. Vilevile urefu utakaoingia ndani ya diski usizidi milimita 3 au 4. Mtu akichukua skrubu ndefu kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo mezani, ncha yake inaweza kufika kwenye bodi ya diski.

Pili, diski ilale bapa au isimame wima kabisa kwa ubavu, lakini isiwekwe mshazari. Kwa diski za zamani zaidi, kama Seagate ST-225 ya megabaiti 20, ambazo vichwa vyake huendeshwa kwa mota ya hatua, ilishauriwa kufanya upya fomati ya chini (ile inayochora alama za msingi kwenye sahani) kila ukibadilisha mlalo wake. Yako ni ya kizazi cha baadaye, haina deni hilo.

Tatu, katika mfuniko wake utaona kitundu kidogo ambacho huwa kimeandikiwa kwamba kisizibwe. Watu wa huku, kwa kuogopa vumbi, hukibandika utepe, nao wanakosea, kwa sababu ndipo hewa ya ndani inapolingana na ya nje kupitia kichujio, na vichwa huelea juu ya hewa hiyo hiyo. Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na diski nyingi zimeruhusiwa kufanya kazi hadi mita 3,000, kwa hiyo mwinuko usikutie wasiwasi.

Kijana wa UDOM

Shikamooni wakubwa. Mimi ningependekeza tuache kabisa sahani zinazozunguka. Kadi ya CompactFlash inazungumza lugha ile ile ya IDE, na adapta yake ya pini 40 ni ndogo kiasi kwamba inafungwa kwenye kibati cha nyuma cha nafasi za kadi. Hakuna mtikisiko, hakuna joto, hakuna aluminiamu.

Mwalimu wa Nzuguni

Marahaba kijana. Hoja yako ni nzuri, na huenda nikaweka kadi hiyo kama akiba ya mafaili. Hata hivyo, sehemu ya somo ni mlio wa diski inapoanza kuzunguka, na kadi haina mlio wowote.

Fundi, nimepima: ndani ya nafasi ni milimita 147, kwa hiyo mpango wako unaingia. Yamebaki mawili. Je, niweke mpira wa tyubu ya baiskeli kati ya bomba na diski ili kupunguza mtikisiko? Pia kifuniko cha plastiki cha mbele cha nafasi hiyo hakipo. Nikikiacha wazi kuna ubaya?

Fundi Madirisha, Majengo

Mpira usiweke. Ukikazwa unabonyea, na baada ya kiangazi kimoja hukauka na kupasuka, skrubu zikalegea. Zaidi ya hapo, diski inatoa sehemu ya joto lake kupitia ubavu, na aluminiamu inalibeba vizuri hadi kwenye kasha. Mpira unaizuia njia hiyo. Mlio ukizidi, weka mpira chini ya miguu ya kasha.

Uwazi wa mbele uzibe. Feni ya pawa saplai inasukuma hewa nje kwa nyuma, maana yake inavuta kutoka kila upenyo ulioko mbele, na kwa upepo wa Julai na Agosti utavutiwa nusu ya uwanja wa shule. Kata bapa la aluminiamu, pana milimita 146 na kimo cha milimita 41, ulikunje ncha mbili ndani na kulifunga kwenye ncha za mbele za mabomba yako, siyo kwenye uso wa plastiki wa kasha, kwa kuwa plastiki ya umri huo huvunjika ukiikaza kidogo tu.

Mzee wa Area C

Kabla ya kukata chochote, pima pia waya bapa wa data. Kwa IDE urefu wake usizidi sentimita 45.7, na kutoka nafasi ya mbele hadi kwenye kadi ya IDE nyuma unaweza kujikuta waya unafika ukiwa umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Ikiwa hivyo, sogeza matundu ya bomba ili diski ikae nyuma zaidi kwa sentimita mbili au tatu. Mstari mwekundu wa waya uelekee pini namba 1, na jampa (kile kibanio kidogo cha kuunganisha pini za diski) iwe kwenye nafasi ya diski ya kwanza.