Nimeuziwa kama mbuna, ana doa jeusi pezi la mgongoni. Ni samaki gani huyu?

KijanaWaNgamiani:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kumtambua samaki huyu kabla sijamnunulia vitu visivyomfaa. Nimeuziwa kama mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wa miambani Ziwa Nyasa, nikaambiwa akikua anageuka bluu. Yuko mmoja, ana kama sentimita 3 kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia. Ni wa kijivu kinachong'aa kama fedha, na ubavuni ana mistari ya kusimama saba au nane iliyofifia. Akishtuka mistari inakolea. Pezi la mgongoni, upande wa nyuma, lina doa jeusi la mviringo lenye ukingo mweupe. Picha inagoma kupanda.

Kwa sasa yuko kwenye bakuli la kioo la lita 8, maji ya bomba, halina chujio. Nampa makombo ya mkate. Tangu jana anakaa juu na mdomo uko usawa wa maji. Nina akwariamu ya 60 × 30 × 30, bado tupu, na makombe niliyookota ufukweni Raskazone, maana nimesoma kwamba mbuna wanataka maji magumu.

Maswali: ni mbuna kweli? Nahitaji hita? Ale nini? Na kama si mbuna, nikamwachie tu mto Zigi?

FundiTangi:

Mkuu, jina lake litasubiri kidogo. Samaki anayekaa juu akivuta maji ya usoni ana shida ya hewa au ya amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi na chakula kinachooza, na kwenye bakuli lisilo na chujio mara nyingi ni vyote viwili. Fanya hivi leo usiku.

Ndoo mbili za maji ya bomba ziache wazi, na kama una pampu ya hewa tumbukiza jiwe lake humo. Klorini ya kawaida inatoka yenyewe kwa saa 24 hivi, na kwa pampu inatoka mapema zaidi. Kama una matone ya kuondoa klorini, hata kungoja huhitaji. Mkate acha kabisa, na leo asile kitu. Kifaranga wa ukubwa huo anavumilia siku nzima bila chakula bila tatizo, ila mkate unaooza chini ya bakuli unakula hewa anayoitafuta. Kwa usiku huu chota maji kwa kikombe, inua kiasi cha shibiri moja na nusu, uyamimine tena humo humo. Rudia mara ishirini, pumzika, endelea. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini inaingiza hewa.

Kesho jaza akwariamu hadi sentimita 27, utapata lita 48 na ushei. Weka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Hilo ndilo linalofaa kwa vifaranga kwa sababu halina nguvu ya kuwavuta. Wakati wa kumhamisha, mweke kwenye mfuko wenye maji ya bakuli, mfuko uelee dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha mnyanyue kwa wavu umwingize peke yake. Maji ya bakuli yamwage nje. Ule utaratibu wa kuongeza maji mapya kikombe kimoja kimoja haufai hapa. Kwenye maji machafu pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, hushuka, na amonia nyingi hukaa katika hali isiyo na sumu kali. Ukimwongezea maji yenye pH ya juu akiwa bado ndani ya uchafu ule, amonia inageuka sumu naye yumo.

Kwa sababu hiyo hiyo makombe yako yaweke kando kwanza. Yanapandisha pH na ugumu wa maji. Kwenye pH 7, nyuzi 28, amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8, joto lile lile, inapita asilimia 6. Kwa tangi jipya ambalo bakteria wake hawajajijenga, makombe yanazidisha tatizo, hata kama samaki angekuwa mbuna halisi.

Mdau_Pongwe:

Nakubaliana na Fundi kuhusu maji. Kuhusu jina, huyo si mbuna. Ni perege wa namna fulani.

Usitumie rangi kumtambua kifaranga. Karibu sikilidi wote wadogo, yaani familia ya mbuna na perege, ni wa kijivu wenye mistari, na mistari inakolea na kufifia kwa hofu, kwa mwanga, hata kwa rangi ya kilicho chini yake. Angalia hilo doa. Pezi la mgongoni la samaki hawa ni moja, ila lina sehemu mbili: mbele miiba migumu, nyuma vijiti laini. Perege wadogo, wawe Oreochromis au Coptodon, wana doa jeusi pale sehemu laini inapoanza, mara nyingi limezungukwa na ukingo mweupe au wa njano. Mbuna hana doa la namna hiyo mahali hapo.

Kingine, mbuna wengi wanaouzwa madukani hawasubiri ukubwa ndipo wapate rangi. Labidochromis caeruleus wa sentimita 3 tayari ana unjano. Melanochromis auratus mdogo ana mistari ya kulala, myeusi na ya njano, kutoka kichwani hadi mkiani, na dume ndiye anayegeuka mweusi baadaye. Hadithi ya "kijivu leo, bluu kesho" inauzia watu vifaranga vya perege kwa bei ya mbuna.

Ili uone vizuri, mtie kwenye chombo cha plastiki chenye kuta bapa, chembamba kiasi kwamba hawezi kugeuka sana, weka karatasi nyeupe nyuma yake na mwanga wa tochi utokee ubavuni. Usimlaze mkononi. Kisha utujibu haya matatu:

1. Mkia, nusu ya juu na nusu ya chini zinafanana rangi?
2. Pezi la chini, lile la nyuma ya tumbo, lina vidoa vya mviringo vya njano au rangi ya chungwa?
3. Kuna mstari mweusi unaokatiza jicho kwenda pembe ya mdomo?

DadaWaMakorora:

Samahani Mdau, tusifunge faili mapema. Wako wale wadogo wa mitoni, Astatotilapia, nao wakiwa wachanga ni wa kijivu. Wavulana wakiwavua na perege huchanganywa ndoo moja. Kwa hao ndipo swali la 2 na la 3 yanapofanya kazi: vidoa kama mayai kwenye pezi la chini, hasa kwa dume, na mstari chini ya jicho. Ila doa la pezi la mgongoni hawana, hapo nakuunga mkono.

KijanaWaNgamiani:

Asanteni sana. Nimemhamisha kama alivyosema Fundi, ameacha kukaa juu na sasa anazunguka chini. Majibu: mkia ni wa kijivu wote, juu na chini sawa. Pezi la chini halina vidoa. Jichoni sioni mstari. Doa la mgongoni liko wazi kabisa, ukingo wake una unjano kidogo.

Mdau_Pongwe:

Basi ni perege, na mimi naegemea Oreochromis. Coptodon rendalli hutofautisha mkia: juu kijivu chenye madoadoa, chini njano au wekundu. Kwa ukubwa huu bado anaweza kutudanganya, kwa hiyo umtazame tena akifika sentimita 6 au 7. Kama ni sato, Oreochromis niloticus, mkia utaanza kupata mistari myembamba ya kusimama iliyopangika kuanzia shina hadi ukingoni. Doa la mgongoni kwa Oreochromis hufifia anavyokua, kwa Coptodon huwa linabaki muda mrefu. Mtu akikutajia jina kamili la kifaranga cha sentimita 3 kwa kuangalia picha ya simu, mwambie akupe na sababu.

FundiTangi:

Malezi sasa. Hita huhitaji kwa Tanga. Perege anakaa vizuri kati ya nyuzi 24 na 30, na ndani ya nyumba maji yako yatakuwa humo karibu mwaka mzima. Adui wako ni joto la kiangazi, kwa kuwa maji ya moto yanabeba hewa kidogo. Tangi lisipigwe na jua la dirishani, pampu isizimwe usiku.

Maji: bakteria wanaobadilisha amonia kuwa naitriti, kisha naitreti, huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Katika muda huo badilisha theluthi moja, yaani lita 16 hivi, kila baada ya siku moja, kwa maji yaliyokwisha kutoka klorini na yenye joto lile lile. Njia ya mkato halali ni moja: omba kipande cha sponji iliyotumika kwa mtu mwenye tangi lenye samaki wazima, ukilete kikiwa kimelowa kwenye maji ya tangi lake, ukibane pembeni ya sponji yako. Ukikisuuza kwa maji ya bomba klorini inaua bakteria wote na umebeba sponji tupu. Wiki ya tatu hadi ya tano naitriti hupanda, hapo mashavu yatapiga haraka ingawa pampu inafanya kazi. Gramu 1 ya chumvi ya mawe kwa lita, yaani gramu 48 kwa tangi lako, huzuia naitriti isiingie kwenye damu. Iyeyushe kwanza kwenye jagi, uigawe mara tatu ndani ya saa kadhaa. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya lita ulizotoa tu.

Baada ya hapo ni robo ya maji kila wiki, na sponji unaikamua ndani ya maji uliyotoa kwenye tangi.

Umeme ukikatika, usimlishe hadi urudi. Ukikatika saa nyingi, kamua sponji kabla ya kuwasha pampu, kwa sababu uchafu uliokosa hewa ndani yake ukisukumwa kwenye tangi unamrudisha pale alipokuwa.

DadaWaMakorora:

Chakula: kifaranga anataka protini nyingi, asilimia 35 kwenda juu. Chakula cha unga cha vifaranga wa perege, kile cha mabwawani, kinatosha na ni rahisi kuliko cha maduka ya samaki wa mapambo. Ukikosa, saga dagaa wakavu wasio na chumvi, uwachekeche kwa chujio la chai, utumie unga uliopita. Mara 3 au 4 kwa siku, kiasi anachomaliza ndani ya dakika mbili. Samaki mmoja wa sentimita 3 hana hata gramu moja, kwa hiyo tunazungumzia kinachoshikwa kwenye ncha ya kijiti cha kibiriti. Kilichobaki kitoe. Akipita sentimita 5 mpe na mchicha uliochemshwa ukakatwakatwa. Viluwiluwi vya mbu anavipenda sana, ila vya chombo chako mwenyewe chenye maji safi, na uvichote vyote kila siku, la sivyo unafuga mbu. Vya mtaroni hapana.

Kinyesi kikiwa cheupe na chembamba kama uzi huku hataki kula, angalia maji kwanza kabla ya kukimbilia dawa.

Mdau_Pongwe:

Kuhusu Zigi, usimwachie. Mto ule na Pangani ni makazi ya asili ya perege wa Korogwe, Oreochromis korogwe, aliyeelezwa kisayansi na Rosemary Lowe mwaka 1955. Sato si wa asili huko, na anazaana na perege wengine hadi wa asili wanapotea ndani ya mchanganyiko. Wewe hujui kama wako ni sato au la, na hiyo inatosha kumzuia. Isitoshe, samaki wa dukani anabeba vimelea vya tangi alimotoka.

Tangi lako litamfaa hadi afike kama sentimita 8. Baada ya hapo anataka lita 180 angalau, mfano 90 × 45 × 45, na uhakikishe meza, kwa kuwa maji peke yake ni kilo 180. Atachimba changarawe na kung'oa mimea, akiwa dume zaidi. Kama hiyo si hesabu yako, tafuta mfugaji mwenye bwawa ambaye tayari ana sato, umpe huyo, na bwawa liwe halifuriki kwenda mtoni wakati wa masika.

KijanaWaNgamiani:

Nimewaelewa. Makombe nayaacha basi, au mpaka bakteria wakae?

FundiTangi:

Kwa perege huyahitaji, pH 7 hadi 8 inamtosha. Yatunze kwa siku utakayopata mbuna wa kweli, hao wanataka 7.8 hadi 8.5. Uyachemshe kwanza na uyasugue ndani, mara nyingi kuna konokono aliyekauka. Na leo leo funika tangi kwa wavu wa dirishani. Kifaranga aliyehamishwa karibuni huruka.