Mrejesho: Mwenye digrii ya baiolojia, masta au ualimu?

Wakuu, niliwauliza kama mtu wa baiolojia aliyepo Tanga akimbilie masta au stashahada ya uzamili ya ualimu. Nimechukua ualimu, Chuo Kikuu Huria, maana kibanda changu cha miamala pale Ngamiani siwezi kukifunga. Mliosema saikolojia ya elimu itanitoa jasho, hamkukosea. Sisi wa maabara na insha wapi na wapi! Utamu uko kwenye mazoezi ya kufundisha, huko Pongwe. Vifaa haba, basi kupima wanga tukachukua jani la mhogo, tukalichemsha, tukalitoa rangi ya kijani kwa spiriti iliyopashwa ndani ya sufuria ya maji moto (spiriti na moto haviivi chungu kimoja), kisha matone ya iodini. Likageuka bluu-nyeusi, wanga huo! Darasa zima likalipuka. Masta tutaizungumza nikimaliza mitihani.