Naomba ushauri: kutoka Kisumu hadi Cape Town na pikipiki, kaneti ni lazima?

Kiatu_Vumbi (Kisumu)
Habari zenu wadau. Mimi nko hapa Mamboleo, hii safari nimeiota tangu nianze kuendesha na sasa imefika. Nashuka Isebania, Mwanza, Dodoma, Iringa, Tunduma, Lusaka, Livingstone, nikifika Kazungula nipande feri nivuke Botswana halafu South mpaka Cape Town. Bike ni Himalayan 411. Pasipoti ninayo, sindano ya homa ya manjano nilidungwa, likizo nimepewa. Kitu inaninyima usingizi ni hii kaneti, ile karatasi ya forodha ya kuvusha chombo. Kuna mtu ameniambia bila hiyo narudishwa mpakani Sirari, mwingine anasema hiyo ni ya wazungu wanaotoka Ulaya. Mwenye amevuka anijibu haraka tafadhali, siku zimeisha na ofisini kila mtu ananiuliza naondoka lini.

Mama_Kachumbari (Nakuru)
Umeoa? Kama umeoa mama watoto amesema nini? Hakuna mtu anauliza hayo siku hizi, watu wanauliza karatasi. Nenda pale hospitali ya Russia wodi ya mifupa uone vijana wamening'inizwa miguu, wote walikuwa na ndoto.

Kiatu_Vumbi
Mama shikamoo, nimeoa na anajua. Nauliza kaneti.

Tanboi_Mstaafu (Mumias)
Omera umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa tanboi wa trela za Lusaka, mpakani Tunduma nimelala chini ya gari mpaka mama wa chai akanijua kwa jina. Foleni ya malori pale unaweza ota ndevu. Wewe wa pikipiki pita kando usiogope, askari wenyewe watakupungia mkono. Mara ya kwanza kuulizwa Yellow Card nikatoa ile kadi ya sindano, yule wa kaunta akaigeuza akaniuliza sasa hii trela yenu ndiyo imechanjwa? Kumbe alitaka ile ya bima ya COMESA. Dereva alicheka mpaka Nakonde.

Mlango_wa_Busia (Busia)
Mimi kazi yangu ni hizi karatasi kwa hivyo wacha nikujibu vizuri. Kaneti ni kijitabu cha forodha, kwetu unakipata kwa AA Kenya. Ukiingia nchi kipande kinagongwa muhuri kinakatwa, ukitoka kinagongwa tena. Ukisahau ule muhuri wa kutoka, forodha wa hiyo nchi wanahesabu kwamba uliuza chombo huko, wanadai AA ushuru na AA wanakuja kwako kupitia ile dhamana uliweka. Ndio maana huwezi kupewa kabla ya kuweka pesa ama dhamana ya benki. Inadumu mwaka mmoja. Ukienda kaskazini mpaka Misri huna ujanja, lazima uwe nayo. Hiyo njia yako ya kusini wengi wanavuka na kibali cha muda wanachoandikiwa pale pale mpakani.

Sasa hicho kibali kinaandikwa kutoka kwa logibuku, ile hati ya mwenye chombo. Logibuku iko kwa jina lako?

Pancha_Bila_Gundi (Kakamega)
Sahau karatasi, umebeba tyubu ngapi? Na levers? Mtu anaenda Cape Town hajui kutoa tairi ya nyuma, huyo ni mtalii wa kusukuma.

Kiatu_Vumbi
Asante sana Mlango_wa_Busia. Logibuku iko, hiyo sio shida. Kwa hivyo kaneti naachana nayo?

Mlango_wa_Busia
Sijauliza kama iko, nimeuliza iko kwa jina la nani.

Dakika_Tisini (Nakuru)
Bima usisahau mkubwa. Yellow Card inakubeba Tanzania na Zambia, ukivuka Botswana haina kazi tena, uulize hapo mpakani unalipa nini. South wenyewe fidia ya ajali za barabarani wanakatwa ndani ya bei ya mafuta, ukijaza tanki umechangia. Lakini hiyo ni ya watu kuumia, ukigonga Mercedes ya mtu ni wewe na yeye. Na usipitie Rwanda ukiwa na usingizi, kule wanaendesha mkono wa kulia, mimi nilitoka petroli steshen nikaingia upande wetu, basi lilinipigia honi mpaka leo naisikia.

Kiatu_Vumbi
Rwanda sipitii. Logibuku iko na jina langu.

Mlango_wa_Busia
"Iko na jina langu." Hilo jina liko peke yake hapo?

Tanboi_Mstaafu
Huyu wa Busia anauliza maswali kama mama mkwe 😂

Kiatu_Vumbi
Sawa. Liko jina langu na la wale walionikopesha. Bike nilichukua kwa mkopo kama watu wengine wote, sijaiba. Nimelipa zaidi ya nusu na hakuna mwezi nimechelewa, sasa kuna ubaya gani mtu kutembea na kitu analipia mwenyewe? Sijaenda kuwauliza kwa sababu nawajua, watasema hapana halafu nikienda baada ya hapo ndio nitakuwa na makosa. Nisipouliza hakuna aliyenikataza. Side boksi nimeshalipia, zinachomelewa Kibuye.

Mlango_wa_Busia
Sasa tumefika. Logibuku ya majina mawili ina wenyewe wawili. Afisa akiona jina la kampuni hapo ataitisha barua ya idhini kutoka kwao, akikosa kukuuliza Sirari atakuuliza wa Tunduma, na wa Tunduma huwezi kumwambia wacha nikimbie nyumbani niilete. Wakikopesha pia huwa wanaweka traka. Yako iko?

Kiatu_Vumbi
Iko.

Mlango_wa_Busia
Na?

Kiatu_Vumbi
Kuna fundi amesema anaweza kuitoa aiache kwa nyumba ikiwa na betri yake, inaonyesha tu bike iko Mamboleo imepaki. Nikirudi anarudisha. Kwani nani ataumia?

Pancha_Bila_Gundi
Weeeeh 🙆🏾‍♂️

Mama_Kachumbari
Mimi nilijua. Mtu akianza na "siku zimeisha" ujue kuna kitu amekalia. Ndugu yangu alichukua probox kwa mkopo hivyo hivyo akaenda nayo matanga Bungoma bila kusema, wakopeshaji wakaizima ikiwa barabarani na mwili wa marehemu uko nyuma. Tulisukuma. Familia nzima imevaa vizuri inasukuma.

Dakika_Tisini
Pole mama lakini nimecheka, Mungu anisamehe.

Mlango_wa_Busia
Kijana ukitoa traka hiyo sio safari tena, hata kama moyo wako ni safi. Wakija kwa nyumba wakute kale kamashini kanalala kwa meza na pikipiki iko Zambia, utawaeleza nini? Wataripoti imeibwa. Wewe huko unaendesha chombo kimeripotiwa, na bima ikisikia traka ilitolewa wanakuacha hapo hapo.

Ngano_na_Njugu (Eldoret)
Samahani kuingilia, lakini nyinyi mnamjibu huyu kama mnamwamini. Rudini juu msome alichoandika. Anasema Kazungula atapanda FERI. Feri gani? Daraja la Kazungula lilifunguliwa Mei 2021, Zambia na Botswana ziko ofisi moja hapo, unasimama mara moja unapita juu ya Zambezi. Mtu amepanga safari ya maisha yake hajui kuna daraja? Hii ratiba ameitoa kwa hadithi ya mzungu wa zamani. Hakuna bike, hakuna likizo, kuna mtu amekaa Mamboleo na bando.

Tanboi_Mstaafu
Eeeh hata mimi hiyo feri ilinipita. Enzi zetu ilikuwa inabeba lori moja kwa wakati, mnangoja na viboko wanawaangalia.

Kiatu_Vumbi
Ratiba nilipewa na binamu yangu, yeye alienda na gari 2019 na feri ilikuwepo. Nimenakili yake. Sasa feri ndio imekuwa kesi?

Ngano_na_Njugu
Na hiyo bike ni ya binamu pia? Mimi nimeingia kwa posti zako za zamani. Kabla ya mvua kuanza ulikuwa unauliza Himalayan iliyotumika inaenda bei gani Lusaka. Sio Kisumu, LUSAKA. Wadau unganisheni wenyewe: mkopo haujaisha, traka inatolewa, bei ya Lusaka.

Pancha_Bila_Gundi
Haiya. Nilikuwa hata nataka kumtumia tyubu.

Kiatu_Vumbi
Niliuliza bei sababu nilitaka kujua kama huko ziko nyingi ndio nikiharibikiwa nipate spea. Mtu akitaka kuuza pikipiki atakuja kuuliza mbele ya watu elfu moja? Atakaa kimya aende. Na Ngano_na_Njugu mbona una muda wa kusoma posti za wanaume wenzako usiku?

Ngano_na_Njugu
Weka picha ya bike na hiyo side boksi ikichomelewa. Ficha namba.

Dakika_Tisini
Picha si atatoa tu kwa intaneti.

Mama_Kachumbari
Awe anadanganya awe hadanganyi, mke anajua kuhusu traka?

Kiatu_Vumbi
Mama anajua safari.

Mama_Kachumbari
Sijauliza safari.

Mlango_wa_Busia
Wacheni kidogo. Mimi sijali kama ni kweli, hata leo asubuhi nimeona mwingine amerudishwa na logibuku ya majina mawili, alikuwa anaenda Jinja tu harusi. Kiatu, fanya hivi. Nenda kwa hao wakopeshaji na ratiba imeandikwa, namba ya fremu na injini, tarehe ya kutoka na ya kurudi, bima yako, na uwaambie traka inabaki ndani. Wengi wanakubali wakiona unalipa vizuri, wanachoogopa ni kimya. Angalia pia karatasi ya bima imeandikwa nchi gani, kama inaishia Afrika Mashariki waombe waongeze. Wakikataa Cape Town waombe Uganda na Rwanda, hizo unaingia na kitambulisho tu, unazunguka Fort Portal, Kabale, Kigali, unarudi. Na visa ya South usisumbuke, tangu Januari 2023 Mkenya hahitaji kwa matembezi, siku 90 kwa mwaka.

Tanboi_Mstaafu
Kabale kuna baridi ya kuvunja meno, beba sweta mbili.

Ngano_na_Njugu
Bado nangoja picha.

Kiatu_Vumbi
Picha huniwekei masharti bwana. Mlango_wa_Busia nimekusikia. Nimempigia dada wa hapo ofisini kwao, hakusema ndio hakusema hapana, amesema nije na barua ya maombi halafu meneja ataangalia. Fundi nimemwambia angoje kwanza. Sasa hiyo barua yao ya idhini wakinipa, inatosha wanitumie kwa simu nionyeshe mpakani?

Mlango_wa_Busia
Angoje ama aache?

Kiatu_Vumbi
Nimeuliza barua.

Mlango_wa_Busia
Karatasi yenyewe, iwe na sahihi na muhuri, halafu uipeleke kwa wakili naye agonge wake. Toa kopi kama nane, kila kaunta watataka kubaki na moja.