Mama wa vitumbua naye alipwe arobaini?

Wakuu, naweka hoja mezani: mama asiye na mwajiri naye alipwe arobaini yake, zile siku za kupumzika baada ya kuzaa. Siombi huruma, nazungumzia sonona ya baada ya kujifungua, ule ugonjwa wa huzuni nzito unaompata mzazi.

Sheria ya Ajira ya Tanzania ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akizaa mapacha. Baba ana zake 3. Haya, nendeni sokoni muhesabu akina mama wangapi wana mkataba. Anayekaanga vitumbua, mwajiri wake ni karai.

Jirani yangu hapa Mbagala, Dar es Salaam, siku ya 12 baada ya kujifungua nilimkuta alfajiri yuko nje na jiko lake. Kichanga kalazwa kwenye beseni, juu ya kanga mbili. Nikamuuliza, arobaini imeishia wapi? "Jumatatu marejesho," akasema. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa. Mtoto akalia, akalia sana, yeye anatazama moto tu. Vitumbua vikaungua upande mmoja na hakuviona. Mama mkwe akasema anadeka. Wiki kadhaa baadaye kliniki wakamuuliza maswali yao, wakasema ni sonona.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanawake 100 waliotoka kujifungua, 13 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwenye nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Homoni zinashuka kwa mzazi wa Masaki kwa matajiri na wa Mbagala vilevile, kwa hiyo pengo hilo msiniambie ni homoni peke yake.

Mchangiaji, Moshi: Napinga. Kwetu Uchagani mzazi alikaa ndani miezi mitatu analishwa mtori wa ndizi, na hakuna serikali iliyolipa. Alilelewa na mume na mama mkwe. Nyie mmevunja ukoo, sasa mnataka hazina iwalee. Halafu hiyo hela baba atainywa kabla ya mtoto kutahiriwa. Na dada yangu yuko benki, mume ana kipato kizuri, aliugua hiyohiyo mpaka hataki kumshika mwanawe. Pesa ilikuwepo, ilisaidia nini?

Muuguzi, Mombasa: Wa Moshi ana haki nusu. Hapa Kenya mwajiriwa hupata miezi mitatu na baba wiki mbili, lakini mama mboga hapati kitu, basi hili si lenu peke yenu. Ila pesa tupu haitibu. Kuna utafiti wa Pakistan uliochapishwa 2008: wahudumu wa afya wa vijijini walifunzwa kuzungumza na wajawazito wenye sonona, majumbani mwao, na wakaendelea nao baada ya kuzaa. Mtoto akifika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23%. Kwa wenzao waliotembelewa bila mazungumzo hayo, 53%. Mimi ningemlipa mhudumu kwanza.

Mwanzisha mada: Wa Moshi, pole kwa dada. Lakini aliugua akiwa kitandani, mshahara unaingia. Huyu wangu aliugua yuko mbele ya mafuta ya moto. Na huo mtori, ndizi zilikuwa mgombani nyuma ya nyumba. Mama mkwe wa chumba cha kupanga azitoe wapi, naye anauza maandazi?

Hela kunywewa: itumwe kwenye simu ya mama mwenyewe. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wamekuwa wakilipa kaya maskini miaka yote hii, na sehemu ya ruzuku ilifungwa na mahudhurio ya kliniki, hatuanzi na sifuri. Zanzibar nayo tangu 2016 inalipa Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, hata ambaye hajawahi kuajiriwa. Bibi aliyelima mwani miaka na miaka haulizwi mkataba. Kwa nini aulizwe mzazi?

Dada wa Mombasa, huyo mhudumu namtaka, tena sana. Ila akija kubisha hodi Jumatatu asubuhi hatafunguliwa mlango. Jirani yangu atakuwa kajificha uani na mtoto, kamziba mdomo kwa titi, anadhani ni watu wa marejesho.