Unga wa piza unapanda kwenye ndoano ya mashine: nifanyeje?

Swali
Ndugu wapishi, ninakanda unga wa piza kwa mashine ya mezani yenye bakuli na ndoano. Ninatumia nusu kilo ya unga wa ngano wa kawaida, mililita 350 za maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha hamira, chumvi na mafuta kidogo. Baada ya robo saa kwa kasi kubwa, donge hupanda hadi shingoni mwa ndoano, bakuli hupata joto, na nikilitandaza linanata na kuchanika. Je, niongeze unga? Niko Dar es Salaam.

Jibu la kwanza
Usiongeze unga, ndugu yangu, punguza joto. Ndoano inaposuguana na donge huzalisha joto, nalo likijumlishwa na joto la jiko la Dar es Salaam na la maji ya uvuguvugu, hamira huanza kuumua kabla hujamaliza kukanda. Donge linapaswa kutoka kwenye bakuli likiwa na nyuzi 24 hadi 26 hivi, na kwa kuwa huwezi kupoza hewa ya jikoni, kilichobaki mikononi mwako ni maji: yatoe kwenye friji. Unga wetu wa kawaida pia haubebi mililita 350 kwa urahisi. Anza na 310.

Changanya unga na maji tu, ufunike kwa dakika 20, kwani katika muda huo unga hunywa maji na kuanza kujenga mvutano bila mashine kufanya kazi yoyote. Kisha tia hamira na chumvi, ukande kwa kasi ya chini dakika sita au nane, na mafuta yaingie mwishoni. Likipanda ndoano, zima mashine, ulishushe kwa mwiko, uendelee. Vuta kipande kidogo kwa vidole: kikiwa chembamba hadi mwanga ukapita bila kuchanika, acha hapo hapo.

Jibu la pili
Nakubaliana na hayo, isipokuwa suala la hamira. Ile ya punje kubwa, inayohitaji kuloweshwa, haitaamka vizuri ndani ya maji ya friji. Iloweshe kwanza katika vijiko vitatu vya maji ya uvuguvugu vilivyotolewa kwenye kipimo kile kile. Ile laini haina shida.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Je, naweza kulilaza kwenye friji hadi kesho?

Jibu la kwanza
Unaweza, na kwa maoni yangu ladha huwa bora zaidi. Punguza hamira iwe nusu kijiko, ugawe donge mara tatu, upake mafuta na kufunika. Kesho litoe saa moja kabla ya kulitandaza, na oveni iwe imewashwa mapema hadi nyuzi 250, sinia likiwa ndani.