Je, mshauri nasaha wa chuo hutunza siri?

Mwanafunzi wa mwaka wa 2: Ndugu zangu, kwa wiki 3 sasa sipati usingizi, masomo hayaniingii, na hata marafiki nawakwepa. Natamani kumwona mshauri nasaha wa chuo, lakini nahofia kwamba nitakayomweleza yatawafikia wahadhiri au wazazi wangu.

Mshauri nasaha: Pole sana. Kwa kawaida mazungumzo hayo ni siri, isipokuwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini. Mwombe mshauri akueleze mipaka hiyo kabla hujaanza kusimulia. Dalili kama hizo zikidumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, wataalamu huchunguza iwapo ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya kudumu, unaotibika kwa tiba ya mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Mhitimu: Hofu hiyo hiyo ilinichelewesha muhula mzima, na bado najuta. Kikao cha kwanza kilikuwa maswali tu kuhusu usingizi, chakula na masomo.

Mshauri nasaha: Naomba niongeze: yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje miadi, mwambie mtu aliye karibu nawe papo hapo, au nenda hospitali kitengo cha dharura.

Mwanafunzi wa mwaka wa 2: Asanteni. Nitakwenda kesho asubuhi.