Kibali cha redio kinakaribia kuisha, mnara hatuna: naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Jumuiya yetu ya Waswahili hapa Ohio, Marekani, ilipewa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kibali cha kujenga redio ndogo ya FM, wati 100. Muda ni miaka 3. Imebaki miezi 5, na mwenye jengo tulipotaka kufunga antena amegeuka.

Kinachoninyima usingizi: siku ikifika bila kituo kukamilika na maombi ya leseni kupelekwa, kibali kinakufa chenyewe, hata bila barua ya FCC. Muda huo husimamishwa kuhesabiwa kwa mafuriko, kimbunga au kesi mahakamani. Kukosa hela au kiwanja hakumo. Wazee wetu wameisubiri sana sauti hii.

Aliyewahi kuhamisha mnara dakika za mwisho, nianzie wapi? Mhandisi kwanza, au wakili?